Zawadi Kabla ya Kufungua Mizigo

Nilifundisha historia Uvira, Kongo, miaka kumi na mmoja, kisha nikaja Stockholm nikaambiwa sijui historia. Hawakusema hivyo hasa. Walisema vyeti vyangu havitoshi, na nikitaka kusimama tena mbele ya darasa nianze na shule ya watu wazima, nipate alama ya somo hilo kwa Kiswidi. Basi asubuhi nilisafisha ofisi, na mchana nilipanda treni kutoka Hagsätra kwenda kufundishwa na mwalimu wa kike wa umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Mada yangu ya mtihani wa mdomo ilikuwa wafanyabiashara wa Ulaya waliovuka Asia katika zama za kati. Niliifurahia. Watu wa Venisi na Genoa wanapita majangwani miezi na miezi, lugha hawaijui, na kila wakifika mji mpya wanaulizwa wametumwa na nani. Sikuona jambo geni. Nililolipenda zaidi ni desturi ya njia ile: hufungui mizigo kabla ya kumpelekea mtawala zawadi. Khan, yaani mfalme wa Wamongoli, akiipokea, umepokelewa. Anakupa kibao cha kuonyesha njiani, nawe unapita salama.

Jioni ya kuamkia mtihani nilimsimulia mke wangu haya yote jikoni. Yeye alisikia jambo moja tu.

"Papa, na weye utaenda kwa mwalimu mikono mitupu? Hauna haya?"

Akatoa kitenge chake kipya, kilichokuwa kikisubiri harusi ya huko Spånga. Alikikunja yeye mwenyewe na kuandika kadi kwa jina lake, si langu, mtu asije akanifikiria vibaya. Sikubisha. Uvira nilipokea kuku wengi kabla ya mitihani, na waliostahili kufeli walifeli. Kuku hakununua kitu. Alikuwa salamu.

Mwalimu alipokiona kitenge mezani aliinuka, akafungua mlango, akamwita mkuu wa shule aje kuwa shahidi. Wote wawili walikuwa wapole sana, upole ule wa kumwambia mtu habari za ugonjwa wake. Nilielezwa maana ya rushwa kwa Kiswidi chepesi, polepole, mara mbili. Kitenge kikarudi mapajani mwangu, na mtihani ukaanza na shahidi akiwa bado ameketi.

Nilijibu vizuri. Swali la mwisho lilikuwa juu ya zile zawadi: ingekuwaje mtawala akizikataa? Mwalimu alilisoma kwenye karatasi yake, na alipofika katikati nadhani alitamani angeweza kuliruka.

Nilikitazama kitenge.

"Mfanyabiashara angejua hajapokelewa," nikasema. "Angefunga mizigo yake aondoke. Kama ana pa kwenda."

Mkuu wa shule akatazama dirishani. Mwalimu aliandika kwa muda mrefu.

Nilifaulu. Mke wangu alikivaa kitenge harusini, na kila aliyekisifu aliambiwa kwamba kilikataliwa na serikali ya Uswidi.

Ilichukua miaka mingine sita na masomo mengine mengi, lakini nilipata darasa langu, huko Jakobsberg. Wiki ya mtihani wa kwanza alikuja mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mgeni nchini, amevaa nguo zake nzuri. Alikuwa na sahani ya biskuti za lozi alizopika mwenyewe. Binti yake alisimama nyuma yake akitazama sakafu, kwa sababu yeye alishajifunza sheria za hapa. Mama alinyoosha sahani kwa mikono miwili na kutabasamu.

Sentensi niliyopaswa kusema niliijua. Niliwahi kuambiwa mwenyewe, mbele ya shahidi. Mlango ulikuwa wazi na walimu wenzangu walikuwa wakipita. Nikachukua biskuti moja, nikaila hapohapo nimesimama, nikamshukuru, ndipo nikamwambia siruhusiwi.