Glasi ya Mwalimu Pang

Mwalimu Pang hakuwa mwalimu. Mtaa mzima tulijua hivyo, kuanzia muuza matunda wa kona hadi mlinzi wa lango la nyuma la chuo kikuu. Alikuwa na duka la kutoa kopi lililopakana na banda langu la tambi, hapa Wuhan, ng'ambo tu ya ukuta wa chuo. Miwani minene, kalamu mfukoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua la Julai likituunguza. Wanafunzi waliokuja kuchapa na kujalidi tasnifu zao walimwita Mwalimu kwa utani, naye akiitika kwa dhati. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mara nne aliufanya, mara nne ukamwangusha. Wenzake wakaenda viwandani, wakaoa, wakajenga. Yeye akaja kukaa kando ya ukuta wa chuo, kama mtu aliyenyimwa chakula akaamua angalau anuse mvuke. Aliwahi kupata mke, lakini mwanamke alichoka kuishi na mtu ambaye kila jioni anasimama mlangoni kuwatazama wanafunzi wa watu wakitoka darasani. Simlaumu.

Sasa kulikuwa na huyu kijana, Nie Jinpeng, mtoto wa wakulima wa yungiyungi, ua la bwawani ambalo mizizi yake huliwa, kutoka Honghu. Yeye aliingia chuo kweli. Kijijini kwao walitundika kitambaa chekundu chenye jina lake njia panda, na baba yake akaandaa karamu ya meza ishirini, kila meza samaki mzima. Muhula wa pili kijana akaanza kushinda kwenye vibanda vya intaneti akicheza michezo ya kompyuta. Akafeli, akarudia, akafeli tena, akadisko, chuo kikamtoa. Nyumbani hakusema kitu. Alinunua pikipiki ya umeme, akavaa jaketi la njano, akawa anasambaza chakula mtaani hapa hapa. Chakula anakifikisha langoni na kukiacha hapo, maana lango lile hufunguka kamera ikitambua sura ya mtu, na sura yake walishaifuta.

Kila alipopiga simu nyumbani alitunga habari za masomo. Siku moja baba yake alimuuliza mlezi wa darasa lao anaitwa nani. Kijana alikuwa amekaa kwangu anakula, akainua macho, akaona kibao cha duka la jirani. Akasema, Mwalimu Pang.

Miaka miwili, kwenye hadithi za simu tu, Mwalimu Pang akamlea Jinpeng. Akamsifu, akamkanya, akamwazima vitabu. Halafu mwezi Machi, maua ya cheri yalipochanua na mtaa ukafurika wageni mpaka nikakosa pa kuweka ndoo, baba mtu akapiga simu: anakuja kesho, na analeta mizizi ya yungiyungi kumshukuru Mwalimu Pang kwa mkono wake mwenyewe.

Jinpeng alikuja dukani kwa Pang analia, akamwomba awe mwalimu wake kwa siku moja. Mimi nilimwambia amweleze baba yake ukweli, aibu ya siku moja itapita. Pang akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Dada Xiong, ni chakula cha mchana tu," aliniambia. "Unataka mtoto wa watu afe kwa aibu?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa anafurahi, jamani. Jioni ile alienda kunyoa, akang'arisha viatu, na asubuhi nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akijizoeza kukohoa kiprofesa. Nilitamani nimpige na mwiko.

Mzee Nie alifika na gunia begani, mizizi ikiwa bado na tope lake la bwawa ili isinyauke. Suti yake ilikuwa ya siku ya karamu ile, bado ina mikunjo ya sanduku. Alitaka kuingia chuoni. Jinpeng akamwambia msimu wa maua wageni lazima waombe nafasi mapema na nafasi zimeisha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Basi mzee akasimama kwenye nondo za uzio, vijana wakimpita na vikombe vyao vya chai ya maziwa, akachungulia ndani muda mrefu. Akamuuliza mwanawe analala jengo lipi. Jinpeng akanyoosha kidole tu.

Nilikuwa nimewapikia supu ya mbavu na mizizi ile ile aliyoileta. Pang aliingia bandani kwangu, akasalimia, akaketi kiti cha heshima kinachotazamana na mlango. Mzee akamuuliza umri, wakakuta Pang amemtangulia kwa miaka mitano. Mzee alifurahi: amekuta mwalimu, tena kaka.

Na Pang aliongea, niseme haki. Alisema Jinpeng ni mkimya lakini hakati tamaa, akianguka anarudi tena mezani, usiku mwingine husinzia juu ya vitabu. Alikuwa anajisimulia mwenyewe, yule Pang wa zamani, ila mzee hakujua. Masikio yalimwiva kwa furaha. Jinpeng aliinamia bakuli kama anatafuta kitu ndani yake.

Kisha mzee akajaza glasi mbili za pombe ya mtama, akasimama ili agonge glasi na mwalimu.

Kwetu hata mtoto anajua adabu hii: ukigonga glasi na mkubwa wako, mdomo wa glasi yako lazima ubaki chini ya wake. Mzee aliishika yake kwa mikono miwili, akaishusha. Pang alichotakiwa kufanya ni kubaki kwenye kiti, kuinua glasi kidogo, kutabasamu. Lakini alikurupuka kitini, mikono miwili, akaishusha glasi yake chini ya ile ya mzee. Mzee akashuka. Pang akashuka zaidi. Wakashindana kushuka hivyo mpaka glasi ya Pang ikagonga meza, naye, kwa kukosa pa kushukia, akaitoa nje ya ukingo wa meza na kupiga magoti nusu. Akanywa yote kwa mkupuo, akaigeuza juu chini kuonyesha haikubaki tone, kama kibarua mbele ya bosi.

Mzee Nie alimtazama. Akanywa yake, akaketi. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za masomo. Aliuliza kama mvua zimeanza huku, kama kodi za maduka ni ghali. Baadaye akamtuma Jinpeng akamnunulie shingo za bata za kula kwenye basi.

Kijana alipotoka, mzee akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, wewe hasa unafanya kazi gani?"

Pang alibadilika rangi. "Nina duka la kopi. Hilo hapo."

"Mimi nimeshusha glasi maisha yangu yote," mzee akasema. "Kwa mkuu wa kijiji, kwa mnunuzi, kwa daktari. Mtu aliyezoea kushushiwa hashuki vile." Akanigeukia mimi. "Na mwanangu?"

Nikamwambia. Anasambaza chakula, anakula kwangu kila siku, halewi, haibi. Mzee akatikisa kichwa polepole, akatazama jaketi la njano lililofichwa nyuma ya mlango wangu.

"Asijue kama najua," alisema. "Amehangaika sana kuniandalia meza hii."

Nilitaka kumfokea kwamba huo si upendo, kwamba baba na mwana wanafichana mpaka watazikana hawajaonana. Lakini Jinpeng alikuwa ameshaingia na mfuko wa shingo za bata, anahema.

Mzee akasimama tena, akajaza glasi. "Mwalimu Pang," akasema, "nakuachia mwanangu. Unitunzie." Akaishusha glasi yake mpaka ikagusa meza.

Safari hii Pang hakusimama. Angesimamaje? Kijana alikuwa anatazama. Alibaki kwenye kiti cha heshima, glasi juu, akimwacha yule mzee amwinamie, na pombe ikamwagikia shati lake safi.

Mizizi iliyobaki Pang hakuipika. Ilikauka na tope lake mlangoni kwake. Wanafunzi wakimwita Mwalimu, hageuki tena. Anawaambia anaitwa Pang, basi.

Mwezi Juni, wiki ya mahafali, Jinpeng aliingia kwangu anacheka, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa amekosa usingizi akiwaza atapata wapi joho la kuazima. Kumbe baba yake kapiga simu, kasema hawezi kuja, mabwawa yana kazi nyingi, mwanawe ampe tu salamu Mwalimu Pang.

"Shangazi, nimepona," aliniambia. "Mzee wa watu hajashtukia chochote."

Kupitia ukuta wa mbao nilisikia mashine ya kopi ikisimama. Nilimwekea Jinpeng tambi zake, nikaongeza ufuta, nikaingia jikoni kulia.