Sindano Aliyoikataa Kocha Elihuruma

Jua halijachomoza Lemara, jijini Arusha, lakini Elihuruma Ndesanjo amekwishapanga koni zake uwanjani: chupa kumi na mbili za plastiki alizozijaza mchanga. Anatembea akiuburuza kidogo mguu wa kulia. Wachezaji wake, wanawake ishirini wa timu ya mtaa, wanaingia mmoja mmoja, wamejikunyata kwa baridi ya Julai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vua jaketi, kimbia."

Mtu huyu wa miaka arobaini na mbili aliwahi kufunga mabao kumi na saba katika msimu mmoja wa ligi kuu. Mtoto wa fundi cherehani aliyehamia Arusha kutoka Machame, alisifika kwa kichwa: krosi ikiinuliwa, mabeki walimtafuta yeye kwanza.

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu wa 2012, goti lake lilikuwa limevimba. Anasimulia kwamba kiongozi mmoja wa timu alimfuata chumba cha kubadilishia nguo akiwa na mtu mwenye sindano ya ganzi.

"Akaniambia, 'Dakika tisini tu, mdogo wangu.' Nikanyoosha mguu. Hakuna aliyenishika kwa nguvu."

Alifunga dakika ya ishirini. Dakika ya sitini aligeuka kuufuata mpira, kano za goti zikakatika.

"Maumivu sikuyasikia," anasema. "Nilisikia mlio, kama ukuni mkavu."

Mkataba haukuongezwa. Alirudi Arusha na magongo mawili. Mke wake, Hedwiga, anayeuza vitambaa sokoni, anaikumbuka miaka iliyofuata. "Redio ikitangaza mpira, anatoka nje. Nilikuwa naogopa hata kumuuliza anakwenda wapi."

Aliyemrudisha uwanjani ni Agnela, mwalimu wa shule ya msingi na mwanzilishi wa timu hii. Alimwomba aje siku moja tu.

"Nilikwenda nikidhani nitacheka," anasema Elihuruma. "Sikucheka. Walikuwa wanaujua mpira, hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha."

Huu ni mwaka wake wa saba. Posho yake ni shilingi elfu sitini kwa mwezi. Riziki yake hasa ni kuchomelea mageti ya nyumba za Njiro.

Mwaka jana timu ilifika fainali ya kupanda daraja. Siku mbili kabla ya mechi, aligundua mshambuliaji wake tegemeo, Nasieku Lesikar, wa miaka ishirini na mbili, anapigia mashuti mguu mmoja tu. Alipomvua soksi aliyoivuta hadi juu ya goti, akakuta goti limejaa, limefungwa bandeji kwa siri.

Wajumbe wawili wa kamati walitaka achomwe sindano acheze. Nasieku mwenyewe aliomba.

"Nilimwambia, 'Mwalimu, goti ni langu,'" anakumbuka. "Akanijibu, 'Hata langu lilikuwa langu.' Akaondoka."

Nasieku alikaa benchi. Timu ilifungwa bao moja kwa bila.

Wajumbe wale walitaka kocha afukuzwe, na Agnela akasimama upande wake. Nasieku hakumwamkia kocha kwa wiki tatu, mpaka daktari alipomwonyesha kwenye picha kwamba kano imechanika nusu. Alipumzika miezi minane. Leo anakimbia tena, mbele ya wenzake.

"Alinikosesha fainali," anasema. "Bado inaniuma. Ila nacheza."

Elihuruma naye hajioni shujaa. Anakiri kwamba usiku ule wa kufungwa hakulala, akijiuliza kama aliwanyima wasichana ishirini nafasi yao kwa sababu ya hofu yake.

Mwezi ujao anaanza kozi ya leseni ya ukocha, na ameshapata muuguzi wa kata ya Elerai aliyekubali kukagua wachezaji kabla ya kila mechi. Fainali ya mwaka huu ni Septemba.

"Daraja nalitaka, sikufichi," anasema, akimtazama Nasieku akipiga shuti kwa mguu uliopona. "Lakini tukipanda, tupande tukiwa wazima. Wote ishirini."