Yadi za Gichuki

Gichuki wa Arlington, huku Marekani, ni mtu wa kuhesabu. Mchungaji akisema ibadani tulikuwa kama mia mbili, Gichuki humsubiri mlangoni: "Mia moja themanini na saba, na watatu walikuwa wamelala." Kazini, kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, wenzake humwita Kalkuleta. Hajawahi kukosea, na amehakikisha sote tunajua.

Sasa dada yake Theodora, anayekaa Mansfield, ana kijana anaitwa Nyaga, na Nyaga anachezea chuo kimoja kidogo futiboli ya Wamarekani, ile ya kofia ngumu na kukumbatiana kwa hasira. Kazi yake ni kupewa mpira mkononi akimbie nao mpaka aangushwe. Chuo huandika yadi za kila mkimbiaji, na rekodi ya msimu mmoja, elfu moja mia moja na tisa, imebandikwa ukutani karibu na choo cha wageni tangu mwaka wa 1988.

Gichuki alipoiona tu, akanunua daftari.

Huyu mtu alikimbia mita mia nane kwa shule yake huko Embu, basi mbio anazijua, ama alidhani anazijua. Kila Jumamosi alikaa kiti cha juu kabisa, darubini shingoni, akihesabu hatua za mpwa wake. "Hatua moja ni yadi mbili kasoro kidogo," alituambia. "Nimempima kwa tepu ya fundi nje kwa mama yake." Nyaga akikimbilia kushoto, akakosa njia, akageuka kulia, akawazunguka wenzake kama kuku aliyeona kisu, Gichuki yuko juu anaandika: thelathini, arobaini, hamsini na mbili.

Novemba akasimama kanisani. "Wapendwa, kijana wetu amebakisha yadi kumi na nane. Jumamosi anavunja rekodi. Mbuzi ni wangu."

Kezia, mkewe, akamvuta koti. "Baba Gakii, umewauliza wenye chuo?"

"Niwaulize nini na nimeshahesabu?"

Jumamosi tulijaa pale, na sufuria za mukimo tumeziacha kwenye magari. Nyaga alipopewa mpira mara ya tatu, akazunguka weee, Gichuki akaruka. "Imevunjika!" Tukapiga vigelegele hadi Wazungu wakatugeukia. Kipaza sauti kikasema Nyaga ameangushwa, amepoteza yadi tano. Kuhusu rekodi, kimya. Kimya mpaka mechi ikaisha, tumefungwa.

Watu wakaenda kwenye maegesho kufungua nyama. Gichuki akashuka kwenye meza ya takwimu, alipokaa msichana anaitwa Whitney. Nikamfuata. Mambo kama hayo sipendi kusimuliwa.

"Dada, hapa mmelala. Rekodi imevunjwa na hamjatangaza."

Whitney akalipokea daftari la Gichuki, akalifunua kwa adabu. "Mzee, hapa umeandika hamsini na mbili. Mbio hizo alipata nne."

"Nne? Alizunguka uwanja mzima!"

"Alizunguka. Lakini sisi tunapima kwenda mbele tu, kuanzia mpira ulipowekwa. Pembeni hatuhesabu."

"Na akirudi nyuma?"

"Tunatoa."

"Mnatoa! Mtu ametokwa na jasho, halafu mnampokonya?"

Whitney akamgeuzia kompyuta. Nyaga amepata yadi mia saba na mbili, amepoteza mia mbili thelathini na nane, zimebaki mia nne sitini na nne. Gichuki akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo hakuna rekodi."

Maskini msichana alitaka kumfariji. "Ipo moja. Hakuna mchezaji wetu aliyewahi kupoteza yadi nyingi hivyo kwa msimu mmoja."

Njiani nikamwambia, "Si useme tu amevunja rekodi? Hutakuwa umedanganya."

"Usinijaribu, mama," akasema. Lakini kufika kwenye maegesho, akawaona wote wamemkodolea macho, akapaza sauti: "Amevunja!"

Vigelegele. Theodora akaanza kulia kwa furaha.

"Rekodi ya nini?" Kezia akauliza.

"Ya chuo."

"Ya chuo ya nini, Baba Gakii?"

Angesema ya kukimbia, mbuzi wangeliwa kwa amani. Lakini mtu aliyezoea kumsahihisha mchungaji hawezi kuiacha namba imepinda. "Ya kurudi nyuma," akasema. "Yadi mia mbili thelathini na nane. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya."

Hakuna aliyetafuna. Theodora akajifuta machozi. "Mia mbili thelathini na nane, na yale majitu yakimrukia? Na miguu yote miwili bado anayo?" Akamgeukia aliyeshika kisu. "Kata nyama, wewe!"

Tukacheka mpaka mukimo ukamwagika. Nyaga akaja anachechemea, akakuta tunampigia makofi.

"Nani amewaambia?" akasema. "Na nilimwomba Whitney awafiche!"

Mjomba wake akamwekea mbavu nzima kwenye sahani. "Kula, bingwa. Na mwakani ukiona pembeni kuna nafasi, achana nayo."