Maneno ya Sher Gul

Baryalai alikuwa mwalimu wa Kiingereza mjini Gardez kabla ya kuwa mkalimani wa Wamarekani waliokuwa wakilifunza jeshi la Afghanistan. Kwa kuwa Taliban waliwaua wakalimani, majirani waliambiwa anauza simu Kabul, na mkewe alikuwa akishtuka kila mlango ulipobishwa.

Asubuhi moja, kwenye uwanja wa shabaha, Sajenti Cole alimpiga askari Sher Gul kofi la kisogoni kwa kushika bunduki vibaya. Kikosi kizima kiliona. Sher Gul akageuka, macho yamemwiva.

“Mwalimu, mwambie huyu mjinga, akinigusa tena namtoboa kwa risasi.”

“Kasema nini?” Cole akauliza.

Baryalai aliitazama bunduki ya Sher Gul. Ilikuwa na risasi za kweli, na Mmarekani aliyemlinda Cole alikwishainua yake. Akitafsiri neno kwa neno, mtu atakufa hapo hapo. Akificha, huenda mtu akafa kesho.

“Anasema kwetu mtu mzima hapigwi kichwani mbele za watu.”

Cole akaiva uso kwa aibu. Akavua glavu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kuomba radhi. Sher Gul akarudi kulenga shabaha.

Wakati wa chakula Sher Gul alimfuata Baryalai. “Ulimwambia nini?”

“Kwamba amekuaibisha.”

“Sikusema hivyo, mwalimu.”

“Najua.”

Sher Gul akamega mkate, akampa kipande. Baryalai alikitafuna. Alikuwa akiwatazama askari wengine waliosikia, akijiuliza ni yupi atakayeyapeleka maneno ya Sher Gul kwa wakubwa, na ni yupi aliyeyapenda kiasi cha kuyatenda.