Sikuchanganya

Baba alikanyaga msumari kazini, katika kiwanda cha kusindika matunda kwenye Eneo la Viwanda la Thika, na hakumwambia mtu kwa siku nne. Msumari ulikuwa umetokeza kwenye mbao za kupangia makatoni. Ulipenya buti la mpira ukaingia kwenye unyayo. Alivua buti, akaosha mguu kwenye mfereji, akamaliza zamu yake. Ana kisukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi miaka kadhaa nyuma. Alisema hakuhisi chochote, na alisema hivyo kama mtu anayejisifu.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Alisema soksi ya baba inanuka.

Mimi nimepanga chumba Ruiru, ambako huandika makala za watu wengine kwenye mtandao, kazi ambayo baba huiita "ile ya kompyuta". Jumatatu nilimleta kwenye kliniki iliyo karibu na kwangu, kwa kuwa nilimwamini daktari wa pale, na watu ninaowaamini si wengi. Daktari alifungua kidonda, usaha ukatoka, akakisafisha, akaandika dawa za aina mbili za kuua viini, za siku kumi. Kwenye dirisha la dawa, mama mmoja aliyevaa koti jeupe aliandika saa za kumeza juu ya bahasha, kisha akainua macho.

"Hizi hakuna kuchanganya na pombe, mzee. Hata kidogo."

Baba alicheka. Akamwambia kwamba Jumamosi watu wanakuja kumposa msichana wake, sasa yeye anywe chai? Yule mama hakucheka. Alirudia maneno yale yale.

Ilikuwa ruracio ya dada yangu, siku ya mahari. Kwetu, wageni huja na muratina, pombe ya asali, na kuna mahali ambapo kila kitu husimama. Binti huitwa mbele ya watu na kuulizwa kama pombe ile inywewe. Akikubali, huonja, kisha humpa baba yake pembe ya kunywea. Baba akinywa, amekubali. Asiponywa, watu huanza kutazamana. Baba alikuwa ameingojea siku hiyo tangu dada yangu apate kazi. Kidonda chake kilikuwa na siku kumi za dawa, na Jumamosi ilikuwa siku ya sita.

Tulipotoka kliniki aliniuliza kwa nini dawa na pombe havipatani. Aliniuliza kwa sababu mimi ndiye wa kuuliza kwa nini. Niliacha kanisa kwa sababu ya swali hilo, na nusura niache chuo. Nilifungua simu pale pale barabarani nikasoma. Moja ya zile dawa haikuwa na shida kubwa na pombe. Ya pili ilikuwa nayo: kutapika, uso kuwaka, moyo kwenda mbio. Nilifurahi, lazima niseme ukweli. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekuta amri yenye sababu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Chagua moja, baba. Dawa ama pombe."

"Sawa, wakili," akasema.

Mimi nilidhani hilo si swali. Nilidhani hakuna mtu anayeweza kupewa mguu na pembe ya muratina akachukua pembe.

Jumamosi, pale nyumbani Ngoingwa, hema lilijaa kabla ya saa sita. Baba alivaa suti yake ya kijivu, kiatu kimoja na ndara moja, bandeji ikionekana. Wajomba walimtania kwamba amevalia ndoa mbili tofauti. Mama alinivuta kando jikoni akaniomba, leo tu, nisianze mambo yangu ya kubishana na watu. Nilimwahidi. Nilikuwa nimebeba kreti ya soda wakati dada yangu alipoitwa mbele.

Baba mkubwa alimuuliza, "Tunywe hii, mami?"

"Kunyweni," akasema, na watu wakapiga makofi. Akaonja, akampelekea baba. Baba hakulowesha midomo tu. Alikunywa mpaka pembe ikatazama juu.

Nilimfuata nyuma ya hema alipokwenda kujisaidia. Nilikuwa na hasira, nikimtazama uso nione kama umeanza kuwaka. Haukuwaka. Alinishika bega, akaniambia sikioni kama mtu anayempa mwenzake siri nzuri:

"Tulia. Dawa niliacha Alhamisi. Imeshatoka kwa damu."

"Nani alikuambia uache?"

"Si ulisema nichague? Jumatatu naendelea na zile zimebaki."

Nilijua. Hapa ndipo siwezi kujipa nafuu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba kuacha dawa hizo katikati, na kidonda kile, na sukari ile, kulikuwa kubaya kuliko pembe yoyote. Ningeweza kusema hivyo, pale pale, kwa sauti, na kumpeleka kliniki na suti yake. Lakini baba mkubwa alikuwa anamwita, wageni walikuwa wanaimba, na nilikuwa nimemwahidi mama. Nikarudi kwenye soda. Nikajiambia Jumatatu si mbali.

Jumapili walikuja majirani kumaliza muratina iliyobaki. Jumatatu asubuhi baba alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, na mguu ulikuwa umebadilika rangi mpaka juu ya kifundo. Hospitalini daktari kijana, labda rika langu, alisoma ile bahasha ya dawa, akahesabu tembe zilizobaki, akauliza mgonjwa aliacha dawa kwa nini. Baba alijiinua kwa kiwiko. Alijibu kwa heshima kabisa, kama shahidi.

"Nilikatazwa kuchanganya, daktari. Sikuchanganya."

Daktari alinitazama mimi.

Waliukata mguu Jumatano, chini ya goti.

Miezi michache baadaye nilialikwa kwenye ruracio nyingine, Murera, kwa watu waliookoka. Ndani ya pembe mlikuwa na maji ya asali badala ya muratina. Baba wa msichana alikunywa, watu wakapiga makofi yale yale, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Niliondoka kabla ya chakula.

Dada yangu sasa ana nyumba yake. Huja Ngoingwa kila Jumapili, na kwa muda mrefu alikuwa hakai chumba kimoja na baba. Alikuwa akipitia jikoni na kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Siku moja alinikuta nikianua nguo uani, zikiwemo suruali za baba ambazo mama amezikunja mguu mmoja na kuzishona. Akasimama upande wa pili wa kamba.

"Niambie ukweli, wewe umesoma. Ni ile pombe nilimpa?"

"Hapana," nikasema. "Pombe haikumfanya kitu."

Hilo ni kweli. Alishusha pumzi, akashika pindo la shuka ili tulikunje pamoja. Hakuuliza kama si pombe ni nini, na mimi sikumwambia.