Ule Unga wa Migodini Si Mchanga

Siku nilipoaibishwa na ukuta wangu mwenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Jana nilikuona unashusha ule uchafu wa manjano wa migodini kutoka kwenye pikapu. Nikakuuliza ni nini, ukanijibu, "Eish mzee, mchanga ni mchanga tu." Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na umri wako, nimetoka Kigoma juzi tu, fundi wa kujidai.

Mama Furaha, msusi Mkongo wa mtaa wa Turffontein, huku kwenye migodi ya dhahabu, alinipa kazi ya kupiga plasta chumba alichotaka kulelea watoto wa kina mama wenzake. Nikaona kwa nini nisubiri lori la mchanga wa mtoni wakati kilima kizima cha mabaki ya mgodi wa zamani kiko pale nyuma, bure. Nikajaza magunia. Ukuta ulitoka laini, nikajipongeza.

Wiki chache baadaye plasta ikaanza kumomonyoka. Watoto walikuwa wakilala ndani ya vumbi lile wakikohoa, na mmoja alishazoea kulamba ukuta. Mzee Kalonji, Mkongo aliyenifundisha kazi, akaja, akakwaruza ukuta kwa mwiko na kunimwagia unga ule kiganjani mbele ya kina mama wote.

"Weye unaita hii mchanga? Mchanga ni mayi ya mto njo inatengenezaka, miaka na miaka. Hii ni jiwe walisaga na mashine juu ya kutoa dhahabu, wakatia na sumu, halafu wakatupa. Nani alikuambia jina yake ni mchanga?"

Hakuna aliyeniambia. Niliona punje, nikazipa jina la nyumbani, la ule mchanga wa ziwani tuliosugulia masufuria. Waliobeba dhahabu na kutuachia takataka zao mlangoni nawachukia mpaka leo, lakini aliyeziingiza chumbani kwa watoto ni mimi. Nilibandua plasta yote, Mama Furaha akinitazama. Hakunisalimia tena.

Sasa nisikilize. Kabla hujaita kitu mchanga, uliza kimetoka wapi na kimetengenezwa na nini. Usiniambie ni laini, usiniambie umekipata bure. Kama hujui, usikipeleke pale mtoto wa mtu anapovuta pumzi. Mzigo ule urudishe leo hii, kesho sitaki kuuona. Nakufokea kwa sababu wewe ni wangu. Mungu akulindie kifua chako, na kila mtoto atakayelala ndani ya kuta ulizojenga aamke mzima.