Ungo Wenye Uzi Mwekundu

Kila ninapofua chandarua, harufu ya wavu uliolowa tope hunipandisha hasira. Watoto wangu hunicheka, wanasema mama anagombana na chandarua. Hawajui kwamba ninagombana na Mama Zuhura, aliyekuwa akiuza mawese soko la Rumonge, kando ya ziwa, wakati wa vita, nilipokuwa na miaka tisa.

Mama yangu alikuwa na jicho. Hakuna aliyechagua mchele kama yeye. Kabla ya vita, mzungu mmoja mtafiti alimwona kazini barazani, akampa kazi nyingine: badala ya kutoa mawe kwenye mchele, atoe meno kwenye mchanga. Yalikuwa meno na vifupa vya panya, popo na samaki waliokufa zamani mno hata vikageuka mawe, na mchanga wenyewe ulitoka kwenye korongo upande wa Kigwena. Vita vilipoanza mzungu alikwenda zake, akaahidi kurudi, akatuachia magunia ya mchanga. Mama akaendelea tu. Majirani waliuona ni wazimu mdogo, lakini bunduki zilipolia huko milimani, yeye aliinamia ungo wake akatulia, nami nikatulia kwa sababu yake.

Tuliosha mchanga juu ya kipande cha chandarua mpaka tope liishe, tukauanika, kisha Mama akamwaga kiganja kimoja kwenye ungo. Aliilowesha ncha ya unyoya wa kuku, akaigusisha jino, jino likanata. Mengine hayakuzidi punje ya ufuta. Aliniuliza huyu alikula nini, nami nikajibu: vinundu vya mviringo, panya, mla mbegu; ncha kali, popo, mla wadudu. Nikipatia, niliruhusiwa kulilaza jino kwenye pamba ndani ya kiberiti kitupu. Viberiti hivyo vilijaza sanduku zima la nguo, na Mama alivipenda kuliko nguo zilizotolewa humo.

Ukutani zilining'inia nyungo mbili, mmoja wa chakula, mwingine wa mifupa. Wa mifupa ulifungwa uzi mwekundu ukingoni. "Yenye iko na uzi usiikamate," Mama aliniambia mara nyingi. "Ni ya mifupa."

Mtaani kwetu kukiwa na msiba, kila nyumba hupeleka ungo ili wanawake wachague mchele wa matanga pamoja. Siku moja jirani alifiwa, Mama akanituma. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje, zamu yangu inakaribia. Niliuangua ungo wa kwanza niliougusa, nikakimbia nao, nikarudi kwenye kamba.

Aliyeupokea ni Mama Zuhura. Mwezi uliotangulia mwanawe alichukuliwa barabarani, hakuonekana tena, si mzima si maiti. Alipopepeta, taya dogo lenye meno likabaki juu ya mchele.

"Hii ni meno ya batoto," alisema polepole, ungo wetu mkononi. "Huyu mwanamuke anakusanya batoto betu."

Taya lenyewe halikufikia ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Mtoto gani huyo? Lakini nyakati zile hofu haikupima kitu. Alikuja na wanaume watatu, wakabeba sanduku, wakamwaga viberiti vyote ziwani mchana kweupe. Vikaelea kidogo, pamba ikalowa, vikazama. Ungo uliporudishwa, Mama alichukua kisu akakata uzi mwekundu, akautupa motoni. Nilidhani anaiaga kazi yake. Nililia kwa ajili yake, nikaapa kulipiza.

Bibi yangu alipenda kusema: akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Mimi nilishika nusu ya kwanza.

Nilikuwa nimebakiwa na taya moja la panya, nimelifunga kwenye pindo la gauni. Nililipeleka sokoni, nikasubiri Mama Zuhura ageuke, nikalitumbukiza katika kopo lake la kupimia mawese. Mteja wa kwanza akamiminiwa mafuta pamoja na taya. Kabla ya adhuhuri soko zima lilijua kwamba mchawi ni yeye, na kwamba alikuwa akijificha kwa kuwasingizia wengine. Hakuuza tena hata chupa moja. Wiki iliyofuata alipanda basi dogo la Nyanza-Lac, siku ambazo barabara ile ilikuwa ikila watu. Hatukusikia kama alifika. Jioni ile nilikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, nikaomba nyongeza. Nilifurahi, nisiwadanganye, na furaha hiyo imenidumu miaka mingi.

Mwaka jana nilinunua ungo sokoni. Muuzaji akaufunga uzi mwekundu ukingoni, usichanganyike na wa mteja mwingine. Nikaugusa uzi, ndipo nikaelewa. Uzi ule alioukata Mama ulikuwa kwenye ungo uliotoka matangani. Aliukata upesi kabla sijawaza ni ungo upi, nisijue nani aliyeangua ungo wa mifupa. Amekwisha kufa bila kunitamkia hilo.

Alitaka nisijichukie. Hakujua kwamba chuki ile ingetafuta mtu mwingine. Mama Zuhura bado simpendi, aliyamwaga meno ya Mama. Ila taya lililomfukuza Rumonge lilitoka mkononi mwangu, na lile la kwanza pia.